Salamu ya Mtu Anayeitwa Yeyote

Nilifika darasa la tatu, nikatolewa shuleni nichunge ndama, na ndama hawakunifundisha kuandika. Kiswahili changu nilikiokota kwenye mashamba makubwa ya chai, kapu mgongoni, mnyapara nyuma. Anayetaka Kiswahili cha Pwani aende Pwani. Mimi nataka kueleza jinsi sauti yangu ilivyotiwa ndani ya kompyuta, na jinsi watu waliosoma kuliko mimi walivyotaka kuifungia humo.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati ambapo kila mzazi mwenye mtoto aliyemaliza chuo alitembea kama amemeza fimbo. Mimi pia niliimeza yangu. Kitinda mimba wangu, msichana, alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana upande wa Kaplong. Shule hiyo ililetewa kompyuta sita na wageni wa kanisa. Mbili zilifanya kazi. Nne zilifunikwa vitambaa vya kufuma, zikawekewa maua ya plastiki juu, basi zikawa na faida.

Kilichomwingiza binti yangu katika mambo haya ni mjukuu wangu. Kifungua mimba wangu anakaa Nairobi, na Desemba moja alituletea msichana wa miaka tisa ambaye hakujua neno hata moja la Kipsigis, lugha yetu. Nilimwambia alete kuni, akaniletea kiti. Nikakaa. Ningefanya nini?

Wote walicheka isipokuwa binti yangu. Wazo lilimpata palepale tukinywa chai. Akasema atatengeneza programu ya kompyuta ya kufundisha watoto wa mjini lugha yao. Mtoto atabonyeza, atasikia neno, atalisema, ataliandika.

"Na sisi wazazi tutakuwa tunafanya nini?" nikamuuliza.

"Mtaendelea na ile mlikuwa mnafanya, Mama. Hakuna kitu."

Huyo ndiye niliyemzaa.

Alipata msaidizi mmoja tu, karani wa kiwanda cha majani. Alikuwa mtu wa upande wa ziwani, wazazi wake walikuja kuchuma chai, naye akazaliwa hapa kwenye nyumba za laini, zile za wachumaji. Kompyuta alizijua kwa sababu kiwanda kilimpa moja ya kuandikia uzito wa majani, na saa ya chakula alikuwa akibaki nayo wenzake wakienda kula. Lakini Kipsigis hakukijua. Miaka thelathini na kitu kati yetu, mboga ananunua kwa Kiswahili, pole anapewa kwa Kiswahili. Nilipomuuliza kwa nini hakujifunza, aliniangalia kwa adabu akasema, "Mama, kila nikikaribia mnageuza lugha."

Nilimwongezea chai.

Mwanzoni mwa ile programu binti yangu aliandika sheria, akanisomea. Mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua aone ndani, kutengeneza palipoharibika, na kumpa mwingine bure. Jambo moja tu limekatazwa. Ukiichukua, usiwafungie wengine.

"Na mwizi je?"

"Mama, mtu ataiba aje kitu amepewa?"

Nilimwambia hilo si jambo jipya, ni kimanagan. Zamani mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote boma moja. Mmoja alimpeleka kwa rafiki kule Soin, mwingine kule Sotik. Rafiki anakunywa maziwa, anatumia samadi, na ugonjwa ukifagia boma lako, kule kwa watu umebakiwa na kitu. Binti yangu akafurahi, akajipiga makofi magotini.

"Ndiyo hiyo kabisa! Ila huyu wetu ukimpeleka kwa rafiki, hata kwako anabaki."

"Basi huyo si ng'ombe. Huo ni uchawi."

Kurekodi tulirekodia jikoni. Nyumba kubwa ni ya mabati, na huku kwetu mvua ya alasiri haikosi. Ikianza kupiga mabati hata mtu akikutukana husikii. Jiko langu lilikuwa la nyasi, limetulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Binti yangu akaweka redio ya kaseti juu ya debe la unga, akafukuza kuku, kuku akarudi. Yuko mpaka leo katika somo la nne. Watoto wa Nairobi wanafikiri ni herufi.

Nilisema maneno siku tatu. Maji, moto, mama, kuni. Kila nikianza neno nilikohoa kwanza, kwa sababu ya moshi, na binti yangu akasema kikohozi atakikata baadaye. Hakukikata. Tukafika kwenye salamu.

"Usiseme Chamgei," akaniambia. "Hiyo wanaijua, hata redio inasema. Nataka ile ya heshima, ya wazee."

"Nani anasalimiwa?"

"Yeyote."

"Hakuna mtu anaitwa Yeyote. Ana ndevu au hana?"

"Mama, betri zinaisha. Sema tu salamu na jibu lake."

Asiye wa kwetu inabidi nimweleze hapa. Mzee akimsalimia mwanamume anasema Subai, na mwanamume anajibu Epa. Akimsalimia mwanamke anasema Takwenya, na mwanamke anajibu Igo. Huwezi kubadilisha, kama vile huwezi kumvalisha mzee wa kanisa kitambaa changu cha kichwa. Lakini betri zilikuwa zinaisha, na mimi nilikuwa nimechoka kuongea na debe la unga. Nikasema ninavyosalimiwa mimi kila siku ya maisha yangu, Takwenya, nikajibu ninavyojibu, Igo. Binti yangu alikuwa msichana wa hesabu na Chamgei, ya wazee hakuijua. Akaandika chini yake: salamu ya wazee, jibu kwa wazee.

Karani akatia kazi hiyo kwenye disketi, vile vibao vidogo vyeusi. Zikaenda Nairobi, Nakuru, zikaenda kwa watu ambao hatukuwajua. Mjukuu wangu alirudi likizo iliyofuata, nikamwambia alete kuni, akaleta kuni, kisha akakohoa. Nikadhani ni mgonjwa, nikamchemshia majani.

Sasa kulikuwa na mwalimu mkuu mstaafu, jirani yetu upande wa Kapsoit. Mtu wa tai. Alivaa tai hata akienda kukamua ng'ombe, na alikuwa mwenyekiti wa kila kitu chenye viti. Kijana wake alifanya kazi Nairobi katika jengo la vioo, akapata mchumba msichana wa majirani zangu, na siku ya koito ikafika, ile ya familia mbili kukaa kuzungumza juu ya ndoa. Mimi nilikuwa upande wa msichana, nikipakua.

Babu wa msichana alikuwa mzee sana, haoni vizuri, lakini masikio yake yalikuwa ya mbwa. Akamnyooshea kijana mkono.

"Subai!"

Kijana alikuwa amejitayarisha wiki tatu kwenye kompyuta ya ofisi. Akavuta pumzi, akakohoa kidogo kama mimi, akajibu kwa sauti nzito ya fahali:

"Igo!"

Mzee hakuachia ule mkono. Aliupapasa polepole, vidole, kiganja, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Karibu, binti yangu," akasema. "Mikono yako ni mikubwa. Utachuma chai vizuri."

Wanawake tulitoka nje kwa haraka tukijifunga leso mdomoni. Ndani nikamsikia mzee anauliza, "Na nani alikufundisha?"

"Kompyuta, Kugo," kijana akajibu, yaani babu.

"Hiyo kompyuta ni bibi ya nani?"

Kila mtu alijua ni bibi ya nani. Walinigeukia hata walionipa mgongo.

Ndoa ilifanyika, kwa hiyo usimhurumie kijana. Baba yake, yule wa tai, ndiye ambaye hakupona aibu. Wiki mbili baadaye akaita mkutano katika darasa la shule ya Jumapili, na tulipofika tukakuta chama kimeshazaliwa, kina meno. Chama cha Kuhifadhi Lugha. Mwenyekiti, yeye. Makamu, shemeji yake. Mwandishi, mtu ambaye tangu nimjue sijamwona na kalamu.

Hoja yake ilikuwa moja. Programu ikabidhiwe chama. Ifungwe. Disketi zote zirudishwe, na mtu asimpe mwenzake mpaka kamati ikague kila neno.

"Maneno yote?" binti yangu akauliza.

"Yote."

"Kwa muda gani?"

"Lugha haikimbizwi, Mwalimu. Tutaanza na ile salamu."

Wakaanza na ile salamu. Mwenyekiti akaiandika ubaoni na b, Subai. Mchungaji wa kanisa akasimama akasema ni p, Supai, hata marehemu nyanya yake alisema p. Mwenyekiti akamwambia nyanya yake hakujua kusoma. Mchungaji akasema ndiyo sababu hakukosea. Kwetu b na p ni kama mapacha, mama mwenyewe huwachanganya, lakini waungwana hawa walizitenganisha kwa masaa mawili, makamu akapiga meza na mwandishi akalala. Nikawaambia, "Mkimaliza kuamua herufi mtakuwa mmesahau salamu." Mwenyekiti akasema nimetoka nje ya ajenda. Nikatoka nje kabisa, nikaenda kuchuma chai yangu.

Ningemwacha acheze na kamati yake mpaka azeeke. Lakini kulikuwa na barua. Binti yangu alikuwa ameitwa ng'ambo, chuo, miaka miwili, asomee hizo kompyuta ipasavyo. Alitakiwa kuondoka Januari. Msichana wa shamba la ekari mbili! Na jioni ya ule mkutano akaja nyumbani akakaa bila kuvua viatu.

"Siendi, Mama."

"Umeumwa na nini?"

"Nikienda wataifunga. Karani watamtisha, ni mtu peke yake, watamwambia si wa hapa. Nitarudi nikute sanduku na kufuli."

"Barua ya chuo ilikuja kwa jina la nani? La kompyuta?"

Asubuhi nikakuta mezani barua aliyoandika ya kukataa nafasi. Kiingereza sikijui, lakini kukataa nakujua hata kwa mwandiko, herufi zilikuwa zimelala. Bahasha bado haijafungwa. Nikaichukua, nikaiweka juu ya kigoda, nikaikalia, nikaendelea kupepeta maharagwe. Alitafuta nyumba nzima.

"Mama, umeona barua?"

"Barua gani?"

Sijutii.

Siku hiyohiyo nikiwa bado nimekalia mambo, mwenyekiti akaja na karatasi. Karani naye alikuwa ameingia, amemletea binti yangu disketi, wamekaa barazani. Mwenyekiti hakumsalimia. Akaniambia kwamba kwa kuwa sauti ni yangu, sahihi yangu ndiyo itamaliza maneno. Nitie tu hapa chini, au kidole kama ni rahisi.

"Jina langu naweza kuandika," nikamwambia. "Imesema nini?"

"Ni mambo ya kawaida, Mama. Kwamba unakabidhi sauti kwa chama."

"Nisomee."

Akasoma Kiingereza, kirefu, na tai inapanda na kushuka.

"Sasa nisomee kwa Kipsigis. Si ni chama cha Kipsigis?"

Akaanza vizuri. Mimi, mama wa mahali fulani, sauti yangu. Halafu akakwama. Pale palipoandikwa kwamba chama peke yake, wala si mtu mwingine, ndicho chenye ruhusa, alitafuta neno, akaangalia mabati, akarudi akatia Kiingereza. Nikamwambia hapana. Akatia Kiswahili. Nikamwambia hapana. Jasho likamtoka mtu wa watu.

Karani akakohoa. Akasema neno lile, kwa Kipsigis changu. Nasema changu kwa sababu alikiokota kwenye kaseti zangu, kilikuwa na uzee wangu wote ndani, na moshi. Lilikuwa neno la zamani, tunalitumia kwa mtu anayekula amefunika sahani kwa mkono.

Mwenyekiti akageuka polepole. "Wewe hii lugha si yako."

"Ndiyo maana nilijifunza, Mwalimu," karani akasema. "Wenyewe hamkuwa na haja."

Nikaona mwenyekiti anakusanya hasira, na nikaona binti yangu mlangoni, uso umekauka. Hapo ndipo nilipofikiri. Ukimshinda mtu wa tai mbele ya watu, atarudi na tai mbili. Nikaisukuma ile karatasi upande wake, taratibu, kama naisikitikia.

"Mwalimu, mimi sitatia sahihi, na wewe hasira yako ni ya haki. Kijana wako aliaibika. Lakini aliaibika kwa sababu ndani ya hiyo kompyuta hakuna mwanamume. Niko mimi na kuku. Nani angemfundisha kusema Epa?"

Akaikunja ile karatasi.

"Inahitaji sauti ya mwanamume mzima," nikasema. "Mtu ambaye akiongea darasa linatulia."

Karani akaangalia chini. Mwenyekiti akashika tai akainyoosha.

"Sauti ya namna gani, hasa?"

"Kama hiyo," nikasema.

Bwana, sikuwa nimeona mtu akipona haraka hivyo.

Alikuja baada ya siku tatu amevaa suti. Jikoni alikataa kuingia. Mwanamume mzima, mwalimu mkuu, aingie jiko la mwanamke? Tukaweka redio ya kaseti nyumba kubwa. Akasema Epa mara mbili, mvua ikaanza, na kwenye kaseti ikasikika kama mtu anasalimia kutoka ndani ya sufuria ya mafuta moto. Akangoja saa nzima mvua iishe. Haikuisha. Mwishowe akainama, akapita chini ya nyasi za mlango wangu, akakaa kwenye kigoda magoti yamefika masikioni, kuku akamchungulia.

Kabla hajasema neno, binti yangu akamsomea ile sheria, yote, polepole, kwa Kipsigis. Anayetia sauti yake anakubali ichukuliwe na kila mtu, na hatawafungia wengine.

"Kila mtu ni nani?"

"Kila shule, Mwalimu. Bomet, Kericho, kote."

"Kote."

"Hata ng'ambo. Mtu yeyote mwenye kompyuta."

Nilimwona anajisikia akisikika ng'ambo. Akaomba kalamu, akatia sahihi kubwa yenye mikia miwili, na chama cha kuhifadhi lugha kikafa pale jikoni bila matanga. Alisema Epa mara arobaini, maana zile za kwanza hazikumridhisha. Mwezi uliofuata alikuwa yeye mwenyewe akizunguka na disketi mfukoni mwa koti, shule hadi shule, akiwaambia walimu wafungue somo la kwanza, wasikie. Karani alikuwa akimtolea nakala saa ya chakula. Aliniambia Mwalimu sasa anamsalimia. Kwa Kiswahili, lakini anamsalimia.

Ile barua ya kukataa niliwashia moto wa chai asubuhi ya safari, na binti yangu akiwa amesimama hapo ananiona. Alipiga magoti akanisaidia kupuliza.

Aliondoka. Ng'ambo alijifunza kwamba kompyuta huandikiana barua, na hapo ndipo nilipoanza kupata matatizo. Barua yake ya karatasi ilifika kabla ya mvua ndefu, karani akanisomea. Kuna mwanafunzi, kijana wa Bomet anayesoma nchi nyingine kabisa, amefungua programu, amekagua, na amemwandikia kwamba katika somo la vyombo vya nyumba bibi mmoja mwenye kikohozi anasema meset. Meset si neno letu, kasema, ni meza ya Waswahili iliyovaa blanketi. Liondolewe. Yeye ametunga neno safi, lenye maana ya kitu cha miguu minne kinachobeba bila kutembea.

Karani alilisoma. Lilimchukua pumzi mbili.

"Mwandikie," nikasema. "Mwambie babu zetu hawakuwa na meza, walikuwa na magoti. Huyo mtoto alizaliwa lini? Amenikosoa mimi? Litolewe neno lake, na yeye pia atolewe."

Karani aliandika, kisha akaacha. Akaweka kalamu chini.

"Kogo," akasema, alikuwa ameanza kuniita hivyo, nyanya, kama wajukuu. "Sheria inasema yeyote anaruhusiwa kufungua na kutengeneza. Nikimtoa yeye, Mwalimu wa tai atakuja kuniuliza kwa nini yeye tulimkataza kuifunga."

Nilikasirika sana, na mpaka leo nikilikumbuka lile neno la miguu minne nakasirika.

"Futa hayo," nikamwambia. "Andika aweke lake kando ya langu. Na mtoto wa mtu akiwa na chai moto mkononi anatafuta pa kuiweka, tutaona ataita lipi."